Goli Lisilotangazwa

Shemeji Winga,

Sisi wazima. Paka amezalia ndani ya koti la marehemu kaka yako, nami nimeshindwa kumfukuza.

Magoli ya lile kombe la mataifa yanatajwa kila siku, lako halitajwi. Ulipiga shuti kutoka katikati ya uwanja, lakini watu walikuwa wanasikiliza redio, na kaka yako alikata roho akitangaza, mpira ukiwa bado hewani. Zikabaki kelele za mashabiki tu.

Jana niliusikiliza ule mkanda wa matangazo ya siku ile nikikunja nguo. Pale pale alipokatikia sasa ipo sauti yake. Hatangazi goli, shemeji. Anakuita kwa upole, jina lako la utotoni, na uwanja mzima umenyamaza unangoja uitike.

Usiitike, hata ukimsikia mlangoni.

Mimi, mke wa kaka yako