Lama Akienda, Nami Nitaenda

Jumatatu, 6 Aprili. Riyadh
Vyombo vimeisha. Nguo zimepigwa pasi. Kisha hesabu na Lama, binti wa bosi, mpaka magharibi. Yuko mwaka wa mwisho shuleni. Chuo kimoja Marekani, kile cha kuchukua wachache, kimeshampa nafasi kwa sharti moja: alama zisishuke. Hesabu ndiyo inamtoa jasho. Madam, mama yake, alipojua nilikuwa mwalimu wa mkataba kule Nakuru, nikawa mpishi, yaya na mwalimu. Mshahara ni ule ule. Lakini ameahidi: Lama akienda Agosti, nami napata likizo na tiketi. Binti yangu Neema nilimwacha na miaka miwili. Sasa ana sita. Hiyo Agosti naisubiri kama mvua.

Alhamisi, 16 Aprili
Lama amelia jikoni. Kazi ya hesabu ya nyumbani, kurasa nane, inatakiwa Jumapili na ina uzito mkubwa. Hajaanza hata swali moja. Nikamwambia tufanye pamoja. Akazidi kulia. Nimeifanya yote mimi, yeye atanakili. Darasani kwangu ningemtuma mtoto kama huyo akalete mzazi.

Jumatano, 22 Aprili
Woi! Nimejipalia makaa mwenyewe. Nilifanya kwa njia yetu ya Kenya: kila hatua imeandikwa, jibu limepigwa mistari miwili chini. Msichana akanakili mpaka hiyo mistari. Shuleni kwao hakuna anayeandika hivyo. Mwalimu akamwita ubaoni afanye swali moja tu. Akashindwa hata kuanza. Sifuri.
Miaka saba nimefundisha na sikuliwaza hilo. Mjinga ni mimi.

Jumapili, 17 Mei
Alama za mwisho zimetoka. Hesabu, D. Chuo kimemwandikia aeleze kilichotokea, la sivyo nafasi huenda ikaondolewa. Madam haongei nami. Ananionyesha kazi kwa kidole. Baba mwenye nyumba, ndiye kafili wangu, mdhamini wa viza, ameomba ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, eti aangalie tarehe. Hajairudisha.

Jumanne, 19 Mei
Lama ameniletea barua yake ya kujieleza nimsahihishie Kiingereza. Nani mwingine angemsahihishia? Nikaisoma mwiko ukiwa mkononi. Inasema kazi ilifanywa na mfanyakazi wa nyumbani. Sawa, ni kweli. Inasema mfanyakazi ndiye aliyemshawishi. Huo ni uongo. Inasema mfanyakazi huyo ameshaondolewa.
Ameshaondolewa! Na mimi nimesimama hapo nikikoroga mchuzi wao.
Nikamuuliza ni lini. Akaangua kilio, akasema ni maneno ya mama yake.
Nina hasira. Lakini asipokubaliwa, likizo imekufa kabisa. Nikaketi nikaisahihisha. Makosa kumi na moja. Pale palipoandikwa nimeondolewa, hapakuwa na kosa lolote.

Ijumaa, 22 Mei. Jeddah
Dereva amenileta kwa mama yake madam. Bibi ni mgonjwa wa miguu, mpole, analala sana. Madam mlangoni alisema neno moja tu: halas, yaani basi, imekwisha. Tiketi hakuitaja. Ikama bado iko kwao. Naogopa kuuliza.

Jumatatu, 1 Juni
Hakuna habari. Bibi amekataa msichana mwingine amwogeshe, ananitaka mimi tu. Wote wanafurahi. Mimi hiyo furaha inanitia wasiwasi.

Alhamisi, 11 Juni
Lama ametuma ujumbe. Chuo kimeyapokea maelezo yake, nafasi imebaki. Wamemsifu kwa kusema ukweli. Nikamjibu hongera.
Nikampigia madam kuhusu Agosti. Agosti mafi, hakuna, amesema. Mama yake amenizoea. Labda mwakani.
Jioni mama yangu amenipigia video, Neema akiwa mapajani na kitabu chake cha shule. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Kisha akauliza nakuja lini. Nikamwambia asome ukurasa mmoja zaidi.