Risasi za Mtu Mwingine

Johannesburg, 11 Mei 2024

Kwako Yaya Victorine, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku ambako baridi imewahi kubisha hodi mwaka huu. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na watoto, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu tangu abadilishiwe dawa. Mimi mwilini sijambo. Moyoni ni habari nyingine, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu wakati simu ninayo mfukoni. Kwa simu nimekudanganya Jumapili tatu mfululizo, nikisema simu ya mumeo, shemeji Juvénal, imeharibika. Kwenye karatasi naona haya kudanganya. Bijou, yule msusi jirani yangu, anaondoka Jumatatu kuja Uvira kumwona mama yake, naye amekubali kunibebea barua.

Unajua kwamba shemeji ndiye aliyenitafutia kazi hapa Marshalltown, nyuma ya duka la mzee Naudé anayeuza bunduki za kuwindia. Kazi yenyewe sikuwahi kukueleza vizuri, maana nilijua ungekosa usingizi. Wawindaji wa huku hujaza risasi zao wenyewe nyumbani, kila mmoja na kipimo chake cha baruti. Na wana desturi moja ambayo hawaivunji: mtu hapigi risasi iliyojazwa na mtu mwingine, hata awe ndugu yake wa tumbo moja. Hujui mwenzio aliweka baruti gani wala kiasi gani, na bunduki inaweza kukupasukia usoni. Kwa hiyo mwindaji akifa, mjane huleta masanduku ya risasi kwa mzee Naudé, nasi tunazifungua moja moja. Tuna nyundo ya plastiki yenye tumbo tupu. Unaitia risasi humo, unagonga gogo, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika ndani. Ganda la shaba tunalisafisha ili lijazwe upya. Baruti hairudishwi, kwa sababu haijulikani ni ya aina gani.

Kusema kweli desturi hiyo niliipenda tangu siku ya kwanza. Unanijua mdogo wako. Hata chai ya kumiminiwa na mtu mwingine nainusa kwanza.

Mwezi wa kwanza mwaka huu yaliletwa masanduku ya marehemu mmoja, mengi kuliko tuliyowahi kuona. Siku hiyo mzee Naudé alitukuta mimi na shemeji tukikusanya baruti kwenye ndoo. Akatuambia kwa Kiingereza chake kizito kwamba hiyo ni mbolea nzuri, yeye huimwaga kwenye nyasi za kwake, na anayetaka achukue akamwage bustanini. Mimi nikashika ndoo yangu. Nikajiambia, mzungu anakupa baruti bure, hapo pana mtego. Sisi tuliokulia huko kwenye vita tunajua baruti hufanya nini, na kuotesha mboga si mojawapo. Shemeji yeye akacheka, akatafuta kopo la kahawa na kulijaza.

Tangu hapo, kila Jumamosi mchana, alitoka na kopo lake chini ya koti. Nilimuuliza analipeleka wapi. Akanijibu, “Eish, Égide, utajua siku yake,” akaenda zake akipiga mluzi. Mtu mwenye mke na watoto watatu Uvira anapiga mluzi wa nini? Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Niliona amenyoa ndevu. Niliona amenunua pazia pale Newtown, la maua mekundu, wakati chumba tulichokuwa tukilala hakina dirisha. Nawe Pasaka ulinipigia ukasema sauti yake imebadilika, anakata simu upesi, na ukaniomba niwe macho yako. Neno hilo nililibeba kama kazi ya pili.

Jumamosi iliyofuata nikamfuata kwa miguu, nikiacha robot moja, yaani taa za barabarani, kati yetu, mpaka Bertrams. Alisimama kwenye geti la kijani na kubisha. Akafungua mwanamke aliyejifunga kitenge, si msichana lakini bado ana sura yake, akalipokea kopo kwa mikono miwili huku akicheka. Wakaingia ndani. Mimi nilibaki kwenye spaza, kiduka cha ng'ambo ya barabara, na soda mkononi mpaka ikaisha gesi, na alipotoka alikuwa na udongo magotini. Hasira ilinipanda. Nikaunganisha mambo yote: mwanamke, pazia, baruti. Kila wiki tunasikia redioni magari yanayobeba fedha yakilipuliwa barabarani. Nikajisadikisha kwamba shemeji anauza baruti kwa majambazi na faida anakula na mwanamke huyo.

Yaya, mimi ndiye niliyewapigia polisi. Sikutaja jina langu, nilitaja lake.

Walimkamata tarehe ishirini Aprili, palepale getini, kopo likiwa mkononi. Akawaambia kwamba ni mbolea, wakacheka sana. Akawaambia bosi wake alimpa, wakaja dukani kuuliza. Mzee Naudé akawa mwekundu, halafu mweupe. Kumpa baruti mtu asiye na kibali kungeweza kumnyang'anya leseni, basi akasema hajawahi kusema neno kama hilo. Afisa akanigeukia mimi, akauliza kama niliwahi kumsikia mzee akituruhusu. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya afisa, ananitazama. Nikasema sikusikia kitu.

Hilo ndilo linalonila, kuliko hata ile simu. Simu niliipiga kwa kudhani nakutetea. Hili nililisema nikijua ukweli.

Wiki hiyohiyo yule mwanamke alinitumia ujumbe niende kwake. Nilienda nimekunja ngumi. Anaitwa Denise, mjane, shemasi wa kanisa moja la Warundi, na ua wake una vyumba viwili vya kupangisha. Akanipeleka nyuma ya nyumba na kunionyesha tuta la lengalenga, mchicha wetu wa nyumbani, iliyonifika kiunoni, majani mapana kama viganja vyangu. Kisha akanionyesha chumba chenye pazia la maua mekundu dirishani na vitanda viwili vidogo vya watoto. Shemeji alikuwa amekilipia tangu mwezi wa kwanza, apate kukuleta wewe na watoto Desemba. Nikamuuliza kwa nini alinificha mimi niliye shemeji yake. Denise akaniambia Juvénal alimwagiza hivi: Égide asijue, maana akijua leo Victorine atajua kesho.

Halafu akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua, na ndani nikaona punje ndogo nyeusi zinazong'aa. Nikaruka nyuma, nikamwambia aache, hiyo ni baruti, wakimkuta nayo ataozea jela. Denise akazimimina kiganjani mwangu. Akasema ni mbegu. Nikakitambua kitambaa, Yaya. Ni kipande cha gauni lako la bluu, ambacho mwenyewe nilikitoa Uvira miaka miwili iliyopita ndani ya soksi, nikinusa njia nzima na kujiuliza umemfungia mumeo dawa gani.

Sasa shemeji yuko rumande. Karatasi zake zilikwisha muda, hivyo dhamana amenyimwa, na akipatikana na hatia atafungwa, kisha arudishwe. Kesi ni Alhamisi tarehe ishirini na tatu. Nimeongea na wakili wa bure anayesaidia wageni, nikamweleza kwamba nilimsikia mzee Naudé kwa masikio yangu haya mawili. Akaniambia ushahidi wangu unaweza kumtoa. Kazi nitaipoteza, na polisi wataniuliza kwa nini mwanzo nilidanganya. Sawa.

Lakini najijua. Nilishasimama mbele ya afisa mmoja tu nikaukana ukweli, na mahakamani watakuwa wengi, na mzee Naudé atakuwa ameketi mbele yangu. Kwa hiyo nimemwomba Denise aje kusikiliza, na jioni hiyo akupigie akueleze nilichosema, neno kwa neno. Mimi nikikupigia kabla yake, usipokee. Kuanzia leo macho yako ni yeye, na mtu wa kuangaliwa ni mimi.

Lengalenga naimwagilia kila asubuhi kabla ya kazi. Nisalimie mama, umwambie asikanyage sakafu bila viatu. Nisalimie Gaëlle na wadogo zake, nao wasiambiwe habari ya Desemba mpaka baba yao aiseme mwenyewe. Msamaha siombi kwenye barua hii. Nitaanza kuuomba baada ya Alhamisi, ikiwa Denise atasema nastahili.

Ni mimi mdogo wako,
Égide