Gari Lako Limepanda Kibumba

Papa,

Gari lako limepanda Kibumba bila kusukumwa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu nakujua: ungeuliza habari za gari kabla ya kuuliza habari za Mama. Mama hajambo. Anakula kidogo, analala kidogo, na ameanza tena kugombana na jirani juu ya maji ya mvua yanayoingia uani, kwa hiyo naona atapona.

Sasa niache nikasirike. Nimelibeba jambo hili tangu tulipokuzika, na hapa nyumbani kila nikifungua mdomo wananiambia, pole Solange, tulia, ni uchungu. Uchungu upo. Lakini hasira pia ipo, na hasira yenyewe ni juu yako.

Siku ya mazishi tulifuata desturi: gari la marehemu litangulie, libebe msalaba na picha, jeneza lifuate nyuma. Hukutaka kulala Goma. Ulisema hapa ni mawe matupu, mtu anachimbiwa kaburi kwa baramina, chuma cha kuvunjia mawe, kama anajengewa choo, na kwamba udongo wa Kibumba ni laini, unaotesha viazi na kabichi, utakupokea vizuri. Tukakubali. Starlet yako ya zamani ikatangulia, mimi usukani, Mama kando yangu na picha yako magotini.

Tulipoanza mlima wa Kibati mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, na gari likafa. Wanaume wakavua makoti wakasukuma. Fundi waliyemwita maître, ambaye nusu ya magari ya mtaa wetu wa Ndosho yalipita mikononi mwake, gari lake linasukumwa kwenda kumzika! Vijana waliokuwa wakishuka na magunia juu ya chukudu zao za mbao za magurudumu mawili walisimama na kuvua kofia kwa heshima. Kisha wakaona vizuri kinachoendelea, wakaanza kucheka. Mwishoni tuliliacha gari kando ya barabara, Mama akapanda lori lililobeba jeneza lako, akakaa karibu nalo, juu ya tairi la akiba.

Sikuwakasirikia wale vijana. Nilikukasirikia wewe. Ulijua injini ile imechoka. Magari ya watu yalitoka garajini kwetu yakiimba, na la kwako lilitoa moshi wa bluu mpaka majirani walianua nguo zao ulipoliwasha. Ulisema utalishughulikia wiki ijayo. Watu husema mganga hajigangi, na wewe uliifanya methali hiyo kuwa leseni yako.

Aibu ya siku ile ilimwingia zaidi mdogo wako, Baba mdogo Bahati. Siku ya kuondoa kilio, ya kumaliza matanga, ilipokaribia, akaita familia. Akasema gari lile lile litatangulia tena, na safari hii litapanda mlima mbele ya watu wote, au yeye hatakuja. Hapo tulikuwa pamoja. Halafu akasema ameona huko Birere, kwenye soko la vipuri, injini ya Hiace, ya lita mbili.

"Moteri ya Hiace itakamata mulima yote," akasema. "Watu wasikie kama maître anapita."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Papa, watu ambao hawajui boneti inafunguliwa upande gani! Shangazi akaitikia. Mume wa shangazi akaitikia, yule aliyewahi kutia dizeli katika gari la petroli. Nilijaribu kueleza. Nikasema injini ile ni pande la chuma, ukiitia katika pua ya Starlet lazima ukate chuma cha mbele kinachoshika gari, usogeze rejeta mpaka igusane na taa, na springi zitalala. Na freni zitabaki zile zile, diski zake ni kama kisahani cha kikombe. Nikasema Kibumba kuna kupanda, na pia kuna kurudi. Baba mdogo akanitazama kama mtu anayesubiri mtoto amalize kulia.

Nilitoka nje nikasimama karibu na pipa la maji, nikakukumbuka. Nilikuwa nikitoka shule na sare, nikiosha vyuma vyako kwa petroli, Mama akilalamika juu ya harufu. Wateja walikuja na tamaa zao: nitilie injini kubwa, maître, nitilie ya V6, nitilie ya lori ikiwezekana. Hukuwabishia. Ulifuta mikono polepole, ukainama, ukachungulia gurudumu la mbele, halafu ukauliza swali lako moja.

"Unapenda kwenda, sawa. Utasimama na nini?"

Wengine walikasirika wakaenda garaji nyingine. Ulirudi kwenye chai yako.

Basi nilikwenda Birere peke yangu. Nilizunguka katika zile injini zilizopangwa chini kama mbuzi wa sokoni. Muuzaji akanitazama viatu, akanitolea kwanza zile zinazong'aa, za injekisheni, akasema dunia imeendelea, dada. Imeendelea wapi? Hapa petroli tunanunua barabarani katika bidoni za plastiki, nusu vumbi nusu maji, na umeme unakuja unapotaka. Injekisheni ikigoma Kibati nitampigia nani, na kompyuta yake nitaiwasha na nini? Kabureta nikifunga nafungua kwa bisibisi, napuliza kwa mdomo, natema petroli, tunaendelea na safari. Nikamwambia nataka kubwa kuliko ya zamani, lakini ya ukoo ule ule.

Nikaipata injini ya 5K iliyotolewa katika Liteace. Ujazo wake ni elfu moja mia tano, na yako ilikuwa elfu moja mia tatu. Si sifa kubwa ya kutangaza. Lakini inakaa juu ya bwate ile ile ya gia, na tukirudishia karteri yako ya zamani, lile bakuli la oil la chini, hakuna kitu cha kukata. Nilimwambia aiwashe hapo chini na betri. Nikafungua kifuniko cha oil nikaweka kiganja, hakuna pumzi ya kunisukuma. Nikachukua bisibisi yako ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye sikio. Ilikuwa safi, Papa. Nilikaribia kugeuka nikupe na wewe usikilize.

Baba mdogo alipoiona alicheka.

"Ile ni moteri ya bamama."

Nilitaka kumjibu vibaya. Mama alikuwa anachambua majani ya sombe, hakuinua hata kichwa.

"Mimi ndiye nitaikala mu ile gari," akasema. "Solange aweke yenye iko na akili."

Maneno yakaishia hapo. Kilichoniuma ni kwamba kazi niliyojifunza kwako tangu utoto ilihitaji Mama aitetee kwa sentensi moja. Ungekuwepo wasingethubutu. Lakini hukuwepo, na hapo ndipo hasira yangu inaporudi kwako kila mara.

Kwa sababu bisibisi ile ile, uliiweka kwenye kifua cha kila gari la Ndosho. Ulisikia valvu iliyoungua kutoka upande wa pili wa barabara. Na kifua chako hukumruhusu mtu akisikilize. Mama alikuomba. Nilikuomba. Ukapanda ngazi ukashika ukuta, ukasema ni vumbi. Miguu ikavimba, ukasema ni kusimama. Tulipokufikisha hospitali kwa nguvu, daktari alinitoa pembeni akaniambia moyo wako umekuwa mkubwa. Mimi nikadhani anakusifu. Nikamjibu ndiyo daktari, yeye anasaidia kila mtu. Akanieleza kwa upole kwamba moyo hukua hivyo ukisukuma kwa nguvu muda mrefu, kwa presha ambayo hakuna aliyeitibu.

Muda mrefu, Papa! Mteja angekuletea gari katika hali hiyo ungemfukuza na funguo zake.

Nilifunga injini mwenyewe. Kabureta niliirekebisha kama ulivyotaka, nikatia jikleri, kile kitundu cha kupitishia petroli, ndogo kidogo, kwa sababu ulisema usipime kabureta kwa hewa ya Goma kama gari linakwenda kula viazi Kibumba, huko juu hewa ni nyepesi. Freni nilitia mpya zote. Halafu siku ya kuondoa kilio tukapanda. Mimi usukani, Mama na picha kando yangu, Baba mdogo nyuma amekunja mikono. Kibati nikashusha gia ya pili, nikaliacha gari lipande kwa mwendo wake. Mshale wa joto haukusogea. Mahali tuliposukuma siku ile Mama aliipangusa picha yako kwa kitenge, halafu akaigeuza ikatazama barabara.

Kaburi lako lina majani sasa. Tulisali, tukanywa, wakavua nguo za kilio, watu wakacheka tena bila kujificha. Sikukwambia kitu pale mbele ya watu, ndiyo maana naandika.

Kurudi mvua ilikuwa imepita na barabara inateleza. Juu kidogo ya Kibati chukudu iliyobeba magunia ya kabichi ikatupita kwa kasi, gurudumu lake likagonga jiwe, ikaanguka mbele yetu, na kijana wake akaanguka nayo katikati ya barabara. Nilikanyaga freni. Gari likainama pua, likasimama. Kabichi zilibingirika mpaka kwenye bampa. Kijana akainuka, akajitazama mikono na miguu, akaanza kukusanya mali yake. Nilishuka kumsaidia. Baba mdogo hakushuka. Alikuwa ameshika kiti cha Mama kwa mikono miwili, na hakukiachia mpaka Goma.

Ungefikiri alijifunza. Tulipofika nyumbani aliomba kiti, akaomba bia, akawasimulia watu waliokuja kutupokea kwamba tangu mwanzo yeye ndiye aliyekataa injini kubwa. Kwamba gari si kupanda tu! Alitumia swali lako, Papa, neno kwa neno, akamaliza kwa kucheka, na wakampigia makofi. Nilifungua mdomo. Mama akanifinya paja.

Basi nimekuambia wewe.

Sina hasira na Baba mdogo tena, au ninayo ndogo ya kawaida. Kubwa ni ile ya kwako, na sijui lini itaisha. Uliwauliza watu wote watasimama na nini. Wewe ulisimama ghafla katikati ya barabara, bila kutuonya, na sisi tulikuwa nyuma yako karibu sana.

Ahadi yangu ni hii. Mama nimempeleka, daktari amemsikiliza kifua na kumpima presha, na vidonge vyake nampa mwenyewe kila asubuhi hata akinuna. Baada yake ilikuwa zamu yangu. Nilitaka kusema wiki ijayo, nikasikia sauti yako ndani ya mdomo wangu, nikakaa kwenye kiti cha kupimiwa presha nikakunja mkono wa shati. Nitarudi kila watakaponiita. Na anayekuja garajini kutaka injini kubwa, nitachungulia gurudumu lake la mbele kwanza.

Gari liko chini ya paa. Freni ya mkono inashika vizuri, lakini nimeweka mawe nyuma ya magurudumu kama ulivyotaka siku zote. Kaa salama katika udongo wako laini, Papa. Msimu wa viazi nitapanda tena, pole pole.

Binti yako,
Solange