Bahati Kanipiga Bawa

Kitangari, Jumatano jioni

Kanipiga bawa! Bahati, njiwa niliyemlea mwenyewe, anayekula mtama kiganjani mwangu. Nilitaka tu kumshika kinda wake, azoee mkono wa mtu kabla hajaota manyoya, asije akawa mwoga. Nimeudhika mpaka chai ikapoa.

Jirani yangu Mama Salima alicheka. "Mama Neema, kwani wewe ulipojifungua ulimpa nani mtoto?"

Neema alipozaliwa, mama mkwe alikuja kwa miguu kutoka Mnyambe, akanyoosha mikono ampokee. Nikamgeuzia mgongo. Alikaa siku tatu akinichotea maji, akaondoka bila kumbeba mjukuu.

Kesho nitamwekea Bahati mtama, nikae mbali kidogo, nisubiri mpaka aniruhusu.

Mama mkwe alisubiri siku tatu.