Tembe Yetu Imeandikwa Nyumba

Mama Juma,

Hujambo huko? Mimi bado nipo. Meno ndiyo yanatangulia moja moja; ukiyaona, yapokee.

Nakuletea umbea wa hapa Ihanja. Jana alipita karani wa sensa, binti mwenye adabu, kishikwambi amekikumbatia kama kitoto. Anauliza watu, halafu nyumba: ukuta wa nini, paa la nini, sakafu ya nini. Akaanza na ya mwanao, ile ya tofali za kuchoma uliyoiacha haijaezekwa. Sasa ina bati jekundu. Juma akajibu kifua mbele. Kisha binti akanyoosha kidole kwenye tembe yetu ya paa bapa.

"Hiyo stoo tu," Juma akasema. "Tunaibomoa karibuni."

Stoo, mke wangu! Tangu uondoke wamenihamishia kwa Juma, kwenye godoro nene. Lakini kila jioni naaga naenda kufungia kuku, narudi alfajiri nikijifanya nimewahi kuamka. Nalala kwetu, kwenye ukuta uliousiriba kwa mikono yako. Alama ya kiganja chako bado ipo pale mlangoni.

Nikamwambia binti, "Andika nyumba. Nimelala humo."

"Baba! Si unalala kwangu?"

"Godoro lako naliheshimu sana, mwanangu. Usingizi nauchukua huku."

Binti akainama, akaingia, akapapasa ukuta. Akauliza, "Babu, paa la nini?"

"La maboga."

Si zile mbegu ulizoanika juu? Mvua ilipokuja zikaota. Boga moja bado limekaa pale kama kofia. Alicheka huyo binti! Akaandika: paa la udongo, ukuta wa miti na udongo, nyumba ya kulala.

Juma alisimama mlangoni, anatazama alama ya kiganja chako. Halafu akasema polepole, "Baba, hilo paa linataka udongo kabla ya mvua."

Basi nakuahidi, halitavuja. Unakumbuka ulivyokuwa unapanda kukanyaga udongo wa kichuguu, mimi nimeshika ngazi chini? "Mzee, tazama ngazi!" Nilitazama ngazi lini?

Pumzika, mama. Safari hii anapanda Juma, na mimi nitatazama ngazi tu. Huko juu sina tena cha kuchungulia.

Mzee wako