Mkono wa Kevin na Kitufe cha Safisha

Kiseke, Mwanza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mihogo inaendelea vizuri huko Shirati. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Ila usisome barua hii peke yako. Mwite mama mdogo Awuor akae karibu.

Mdogo wangu Kevin amekatika mkono wa kulia, pale pale kiwandani Nyakato tunakofanya kazi wote. Alifungua mlango wa mashine ya kusagia barafu, akauingiza ili akwangue barafu iliyoganda. Dada mmoja wa zamu akaona kitufe kipya kwenye skrini, Safisha, akakibonyeza akidhani anamsaidia. Meno yakazunguka. Damu ilirukia hadi kreti za sangara, na ile kelele ya Kevin naisikia mpaka leo nikila.

Wafanyakazi wakauliza nani kaleta kitufe hicho. Khalidi, mwenzangu wa kuandika programu za mashine, ndiye wanayemwona kila siku akizunguka na kompyuta, basi wakamvamia yeye. Walimpiga kwa mabeleshi ya barafu, wakamkanyaga kichwa, jicho likapasuka. Aliapa kwamba hajui lolote. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama. Sasa amelazwa wodi moja na Kevin, na hadi juzi Kevin alikuwa akisema Khalidi kayataka mwenyewe.

Mama, kweli Khalidi hajui lolote. Kitufe ni changu. Katika programu yetu, Mashine ni aina moja kuu, na aina zingine zote, kama Mkanda na ile ya barafu, ziko chini yake na hurithi vitendo vyake. Haturuhusiwi kugusa walichoandika waliotuuzia, ila tunaweza kuiongezea aina hiyo kitendo kipya kwa nje. Nilitaka mkanda unaobeba samaki uzunguke polepole unapooshwa. Badala ya kuuongezea Mkanda peke yake, kwa uvivu wangu nikakiongeza kwa Mashine, na zote zikakipata, pamoja na kitufe chake kwenye skrini. Kwa kawaida mashine ya barafu haiwaki mlango ukiwa wazi. Kitendo changu hakikuuliza habari za mlango, maana mkanda hauna mlango.

Jana nilimwambia Kevin. Alinitemea mate usoni, kisha akalia, akanisihi ninyamaze, ati wewe Mama utakufa ukisikia ni mimi, na jicho la Khalidi halitarudi hata nikisema. Nimekataa. Nikishatuma barua hii nakwenda polisi, na waliompiga Khalidi nawajua, watanisubiri.

Nisalimie nyumba nzima. Usije kwa ajili yangu, njoo kwa Kevin. Ukimpikia uji, mpe na Khalidi. Mama yake bado hajaambiwa.

Binti yako akupendaye,
Truphosa