Homa Niliyoileta Buruburu

Jumamosi, 20 Desemba 1997

Uji tena. Mke wangu Kalondu huuacha kwenye kiti nje ya mlango, hugonga, kisha huwahi kurudi jikoni kabla sijafungua. Leo sukari haikutosha. Nilitaka kulalamika, ila hakuna wa kumlalamikia.

Mvua haikatiki. Homa imepanda tangu asubuhi na mgongo unauma kama nimeshinda nikipakua saruji. Niko chumba cha nyuma, kile tulichojenga cha kupangisha. Mpangaji wa kwanza ni mwenye nyumba.

Tajiri wangu, mwenye lori, ametuma mtu kuniuliza hali. Lori limevutwa kutoka matopeni, liko gereji, na mwezi wa kwanza litarudi barabarani. Nisipokuwa tayari atampa dereva mwingine. Nimemjibu nitakuwa tayari. Nilianza kuendesha malori kabla sijaoa. Sijui kazi nyingine na sitaki kuijua.

Jumapili, 21 Desemba

Wote kanisani. Korti yetu, ua huu wa nyumba tunaoshiriki na majirani, kimya. Nyumba zinatazamana mlango kwa mlango, kwa hiyo hakuna siri hapa. Wanajua nilikotoka.

Bora niandike mwenyewe, maana kila mtu ana habari yake. Tulikwama upande wa Garissa, maji kila mahali, mbuzi wa tajiri nyuma ya lori. Mbu hawakuchagua mchana wala usiku. Majike yakaanza kutupa mimba, kisha mbuzi wakaanza kufa. Mimi na Wafula, dereva mwenzangu, tukafanya anachofanya kila dereva wa mifugo: mbuzi akilegea, unamuwahi kwa kisu asije akawa mzoga. Tulichinja mpaka mikono ikawa myekundu hadi viwikoni. Tukala. Tukacheka pia, kwa sababu njaa ilikuwa imetutesa.

Wafula aliugua kabla yangu. Nilimwacha hospitali ya misheni, nikadandia lori la jeshi. Alinipungia mkono, akaniambia nimsalimie mkewe mtaani Mowlem.

Jumanne, 23 Desemba

Homa imeshuka. Kliniki walisema ni malaria, nikameza kila walichonipa. Nimeomba kurudi ndani ya nyumba. Kalondu amesema tungoje kidogo. Kidogo ya Kalondu naijua.

Jioni Mzee Okoth alikuja kusimama ng'ambo ya ukuta. Ni mstaafu wa reli na mwenyekiti wa korti. "Jirani, sisi hatukuchukii. Lakini hapa kuna watoto. Kaa tu huko ndani mpaka tujue hiyo kitu ni nini." Alisema kwa upole, kama anayewaambia abiria treni imechelewa. Nilimwambia mimi si kuku wa kufungiwa. Akasema pole, akaenda zake.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kila mwaka siku hii tuko ushago, kijijini kwetu Machakos. Leo hakuna aliyekwenda. Kalondu hawezi kusafiri na mimi na hawezi kuniacha. Naye amefungwa, ila yeye amefungwa nje.

Chapati bila nyama. Bucha imefungwa, hakuna anayenunua. Gazeti linasema huko Garissa watu wanatoka damu puani, na wakubwa hawajui ni ugonjwa gani.

Mwende alitoka na gauni jipya. Ana miaka minane, ndiye mtoto wetu wa pekee. Akasimama kwenye kamba ya nguo. Nilimwita. Akamtazama mamake kwanza. "Achieng wa nyumba ya pili amesema ukinishika nitatoka damu," akasema. Nilifunga mlango nikalia. Kwa hasira na kwa aibu, sijui ipi ilizidi.

Jumatatu, 29 Desemba

Siku ya kura. Korti nzima ilipanga foleni kwenye shule. Kadi yangu iko mfukoni, haina kazi. Kalondu alirudi na wino kidoleni.

Alirudi pia na habari. Wafula amefariki. Nduguye alikuja kutoka Mowlem kutuambia, akamkuta kwenye foleni. Kalondu aliniambia kupitia mlangoni, polepole, neno moja moja. Nilimwomba afungue. Nilisikia mkono wake ukigusa mbao, ukakaa hapo, kisha nikasikia ndara zake zikirudi jikoni.

Leo namchukia. Naandika tu, kesho nitafuta.

Naogopa pia. Kila saa najipangusa pua na kutazama kidole.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Kalondu alikwenda kliniki mwenyewe akamkalia daktari kooni. Sasa wanajua. Ni ugonjwa wa mifugo. Mbu huusambaza, na damu ya mnyama mgonjwa. Hawajaona ukipita kwa kushikana wala kwa kula sahani moja. Aliyepona homa amepona.

Alifungua mlango wazi kabisa. Akachukua kikombe changu, kile nilichokuwa nakinywea, akamaliza chai iliyobaki huku Mzee Okoth akitazama. Mwanamke huyu.

Nilitoka mpaka madukani. Watu walinipisha njia mno, hata wasiohitaji kunipisha. Sikujali. Nilimpigia tajiri simu: lori liko tayari, nianze Jumatano. Nilirudi nikipiga mluzi.

Mwende bado anakaa upande wa pili wa meza. Amezoea. Simlaumu, lakini inaniuma.

Jumatatu, 5 Januari

Macho. Nilidhani ni vumbi. Nimeosha kwa maji ya chumvi, wapi.

Nikisoma gazeti, neno ninalolitazama linapotea. Yaliyo kando yake yanabaki. Nikihamisha jicho, lile nalo linapotea. Nimefumba jicho moja, kisha jingine. Yote mawili.

Sijamwambia mtu. Keshokutwa ni Jumatano.

Jumanne, 6 Januari

Nilikwenda gereji nijipime. Fundi alisimama mbele ya bampa akinisalimia. Niliona viatu vyake, niliona mikono. Uso haukuwepo.

Nikawasha hata hivyo. Nilijidanganya kwamba barabara ya Garissa naijua kwa mgongo, kwamba nitaendesha kwa mazoea. Niliingiza gia, nikasogea uani kidogo. Mara fundi akawa anapiga boneti kwa ngumi na kupiga kelele. Mtu alikuwa amechuchumaa mbele yangu akifungua gurudumu la gari jingine. Katikati kabisa, pale pale nilipokuwa natazama.

Nilizima. Tajiri nimemwambia homa imenirudia kidogo. Amenipa mpaka Jumamosi. Nimetoka chumba kile nimeingia kingine, na hiki natembea nacho.

Dereva huua mtu akisinzia. Mimi nilikuwa macho.

Alhamisi, 8 Januari

Nilimwambia Kalondu. Hakupiga kelele. Alivaa viatu vya kanisani tukaenda hospitali kubwa.

Daktari wa macho aliniangazia taa mpaka nikatokwa na machozi. Homa imeacha kovu nyuma ya macho. Huenda likapungua, huenda lisipungue. Miwani haitasaidia. Nilimuuliza kuhusu kazi yangu. "Usukani usishike, mzee," akasema, na mimi bado sijafika arobaini.

Njia nzima Kalondu alinishika mkono wa shati akisimulia habari za bei ya vitunguu. Nilijua anachofanya nikamwacha afanye.

Tulipitia kwa tajiri nikarudisha ufunguo. Alinipa pole, akanipa mkono. Uso wake sikuuona, na nimeshukuru kwa hilo.

Jumapili, 11 Januari

Naandika kwa herufi kubwa, ukurasa unaisha upesi. Mvua imepumzika. Kalondu anapiga pasi ndani. Sijui tutakula nini mwezi wa tatu. Leo tumekula.

Nimejifunza kwamba nikitaka kuona kitu nitazame kando yake.

Mchana nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mwende alikuwa akichambua maharagwe kwenye sinia, mbali kidogo kama kawaida yake. Nikatazama tangi la maji lililo kando yake ili nimwone. Ameota jino la mbele, sikuwa nimelijua. Akaacha kuchambua.

"Baba, mbona hunitazami? Bado umenikasirikia?"

Nikamweleza, kwa maneno machache, kwamba macho yangu yameharibika katikati, kwamba nikimtazama sawasawa ninampoteza. Kisha akaweka sinia chini, akaja mpaka kwenye ngazi, akanishika kidevu kwa vidole vyake vyenye vumbi la maharagwe na kuugeuza uso wangu taratibu uelekee tangi.

"Hapo unaniona?"

Nikamwona.